Mwaka Nilipomwandika Bwana Kasiani Bepari

Tulipokwenda kumzika Bwana Kasiani kule Mwazye mwaka jana, mjukuu wake, kijana anayefundisha chuo kikuu, alinifuata kwenye jamvi la akina mama akiwa na karatasi mkononi. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akachuchumaa na kunieleza kwamba anafanya utafiti juu ya vyama vya siasa na angependa mawazo ya wazee kabla hatujatawanyika. Upande mmoja wa karatasi kulikuwa na majina ya vyama vyote tulivyo navyo siku hizi, na upande wa pili visanduku vitatu: kushoto, katikati, kulia. Alitaka tuseme kila chama kikae kwenye kisanduku kipi. Maskini, alikuwa ameshahangaika na wazee kadhaa. Mmoja alimwambia chama chake kipo upande wa barabara ya lami, kwa kuwa ndicho kilicholeta lami. Mwingine, mtu wa kanisani, aligoma kabisa chama chake kuwekwa kushoto, kwa sababu siku ya hukumu wanaopangwa kushoto ni mbuzi. Wa tatu alisema yeye hana chama, ana shemeji anayegombea. Nilicheka, tena msibani, mpaka jirani yangu akanifinya paja. Kijana akaniuliza, "Bibi, mbona unacheka?" Nikamwambia, "Nacheka kwa sababu babu yako huyu tuliyemzika, mimi mwenyewe niliwahi kumtia kwenye kisanduku." Akaacha kuandika. Nilimsimulia kidogo, maana msiba ni msiba, lakini tangu siku ile habari yenyewe inanichemka kifuani, na leo naiandika yote.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ukoo wangu na mahali nilipozaliwa havina kazi katika habari hii; inatosha kusema nilitoka Mbeya na cheti cha kupiga taipu, nikapangiwa ofisi moja mjini Sumbawanga, nikapata chumba mtaa wa Kizwite kwa Mama Oresta, mjane Mfipa aliyekuwa na ng'ombe wawili na maneno mengi. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia gauni la ofisini, na dirisha la ubao ambalo upepo wa mwezi wa sita uliligongagonga kama mtu anayedai kuingia. Baridi ya Ufipa sikuwa nimeitegemea, nikidhani sisi wa Mbeya ndio tunaoijua baridi. Jioni nilikaa jikoni kwa Mama Oresta, miguu karibu na mafiga, tukila ugali wa ulezi, ule mweusi mzito, kwa maharage, na siku ya mshahara kwa samaki wakavu waliopandishwa kutoka Wampembe kule ziwani. Wiki ya kwanza ugali ule ulinikwama kooni. Wiki ya pili niliongeza. Mama Oresta alinitazama akacheka, akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe mwanangu kamba yako umeshaila." Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa na mshahara wangu, chumba changu, na nchi ilikuwa inajengwa, na katika kuijenga mimi nilipiga maneno sitini kwa dakika.

Wasiokuwapo lazima niwaeleze jinsi uchaguzi wetu ulivyokuwa, kwa sababu vijana wa leo hawaamini. Chama kilikuwa kimoja tu, hivyo hakikuhitaji hata jina. Ulisema Chama na watu walielewa. Lakini katika kila jimbo Chama hichohicho kilisimamisha watu wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Wagombea hao walisafiri kwenye gari moja, wakahutubia mkutano mmoja, wakala chungu kimoja. Ilikatazwa kutaja kabila, ilikatazwa kutaja dini, na hakuna aliyeruhusiwa kuahidi kitu ambacho mwenzake hakuahidi, maana ahadi zote zilikuwa za Chama. Sasa mpiga kura angewatofautisha vipi? Swali hilo lilimkosesha raha Katibu wetu pale ofisini. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini, na alikuwa anaamini. Nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu baadaye nimekutana na wengi waliosema maneno yaleyale bila kuyaamini. Katibu alisema kama wote ni wa chama kimoja, basi lazima ijulikane moyoni nani ni nani, kabla majina hayajapitishwa huko juu. Akabuni fomu. Mimi ndiye niliyeipiga taipu, nakala nne kwa kaboni: jina la mwombaji, kijiji, mali aliyo nayo, watu anaowatumia, na chini kabisa, Msimamo, wenye visanduku vitatu, yaani Mjamaa, Mlegevu na Bepari. Alama ya vema moja tu. Nilipoimaliza niliipenda kama mtu anavyopenda kanzu mpya. Nikaona mambo yote ya dunia yanaweza kuenea kwenye ukurasa ule.

Mwezi wa saba, msimu wa kupura ulezi, Katibu aliteremka Wampembe kuwakagua waombaji wa huko ziwani, akanituma mimi na dereva kwenda Mwazye kumkagua Bwana Kasiani. Hebu fikirini binti wa miaka ishirini, juu ya Landrova, fomu kwenye mkoba, tambarare ya Ufipa imekauka rangi ya dhahabu pande zote, na moyo unanidunda kwa umuhimu! Niliimba njia nzima, dereva akaniambia nimpumzishe masikio. Tulipofika kwa Bwana Kasiani niliona kwa macho yangu kitu ambacho fomu ilikuwa inakitafuta. Uwanja mpana mbele ya nyumba ulikuwa umesiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe ukakauka mgumu kama sakafu, na juu yake yamelazwa masuke ya ulezi, na watu wamesimama safu mbili, uso kwa uso, fimbo mikononi, wakipura kwa zamu, safu hii ikishuka ile ikipanda, na wimbo ukiwaongoza. Vumbi la makapi lilikuwa limewafunika mpaka kope. Pembeni wanawake walikuwa wanachota pombe kwenye mitungi mikubwa. Nilihesabu wapuraji: thelathini kamili. Nilihesabu mara mbili, maana Katibu alipenda hesabu.

Bwana Kasiani alikuja akijipangusa, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, sauti ndogo kuliko mwili. "Shikamoo baba," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Karibu, umekuja siku njema." Nikafungua fomu. Nikamwuliza ulezi ule ni wa nani, akajibu ni wake. Nikauliza watu wale ni nduguze, akajibu wachache. Nikauliza wanalipwa kiasi gani. Akashangaa. "Hawalipwi. Wanakunywa." Nikafurahi kama aliyeokota pesa. Mpuraji mmoja aliyejifunga kitambaa puani, macho tu yakionekana, aliniletea kikombe cha bati chenye pombe. Nikasema sinywi, mimi nimelelewa Moraviani. Akaondoka, akarudi na togwa, isiyolevya hata mtoto. Hiyo nayo nikaikataa, kwa kuwa niliona wazi kwamba ninahongwa. Yule mtu alicheka ndani ya kitambaa chake, akasema kwa sauti, "Jamani, pureni vizuri, mkaguzi hanywi!" Watu wote wakacheka, na mimi nikaona haya, na haya iligeuka hasira, na hasira iliandika haraka: Anatumikisha watu thelathini bila mshahara. Malipo yao ni pombe. Nikatia alama ya vema kwenye kisanduku cha Bepari na nikaipigia mstari.

Nikikumbuka maswali yangu ya siku ile naona hayakuwa mabaya. Mali ya nani, watu wa nani, malipo gani. Hata msomi yule mwenye karatasi yake ya kushoto na kulia angeyapitisha. Swali moja tu sikuuliza, nalo lilikuwa rahisi kuliko yote: na kesho mnapura kwa nani? Sikuliuliza kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kesho. Ilitaka nione mtu mmoja, siku moja, na kiwanja kimoja, na ndivyo nilivyoona. Sasa hivi naona watu wanavitazama vyama vyetu vivyo hivyo. Wanasoma ilani, wanasikia hotuba ya mgombea mmoja jukwaani, wanatia alama. Hawaulizi aliyekipigia kura chama kile alikuwa anamlipa nani, au anamtarajia nani msimu ujao.

Majina yalirudi mwezi wa nane, na nilipoyasoma niliyarudia mara mbili. Nyumba alikuwa Bwana Kasiani. Jembe alikuwa Mwalimu Desideri, mkuu wa shule ya msingi hukohuko Mwazye. Bahasha yenye fomu yangu ilikuwa bado njiani, kumbe majina yamepitishwa bila ya kuisubiri. Katibu alikunja uso, akasema barua huchelewa lakini hufika, tuendelee. Akanichukua kwenye msafara niandike kumbukumbu za mikutano. Asubuhi ya kwanza nilipanda Landrova nikamkuta Mwalimu Desideri ameketi nyuma na Bwana Kasiani, magoti yao yanagongana; Mwalimu alikuwa mtu mnene mwenye miwani na kicheko kilichotangulia maneno. Akanitazama kidogo, akasema, "Ndugu Mkaguzi! Leo togwa utakunywa?" Ile sauti ilikuwa ya mtu wa kitambaa.

"Mwalimu, wewe ulikuwa pale?"

"Nilikuwa napura."

"Unampuria Bwana Kasiani? Mpinzani wako?"

"Siku ile hatukuwa tumepewa alama bado. Na hata kama," akasema. "Jumatatu yake walikuwa wamepura kwangu, yeye akiwa wa kwanza kufika. Jumatano walikwenda kwa mama mmoja mjane, hana hata ulezi wa kutosha kupika pombe, tukamchangia. Zamu inazunguka mpaka kila kiwanja kiwe safi. Nikikosa zamu kwa Kasiani, nani atanipuria mimi? Nitapura na nani, watoto wa darasa la tatu?" Bwana Kasiani alikuwa anatazama nje ya dirisha, akitabasamu, hajui kitu. Wale thelathini hawakuwa watu wake. Alikuwa mmoja wao, na siku ile ilikuwa zamu yake tu. Nikaanza kuomba kimyakimya bahasha ile iliwe na panya.

Wiki tatu zilizofuata, Mungu anisamehe, zilikuwa wiki tamu kuliko zote za ujana wangu, pamoja na hofu yangu. Tulikwenda kila mahali. Watu walitusubiri kwenye viwanja vya shule na ngoma zao na majembe yao na vijumba walivyotengeneza kwa mabua. Wa Jembe walipaza sauti, "Nyumba bila jembe ni njaa!" na wa Nyumba wakajibu, "Jembe bila nyumba ni mvua!" na hapo vumbi lilitimka. Wagombea walisema mambo yaleyale, visima, zahanati, shule, wakipokezana, na mara mbili Mwalimu alipokohoa Bwana Kasiani alimmalizia sentensi. Niliwasikiliza watu wakichagua, nikijaza daftari baada ya daftari, na hakuna sababu iliyofanana na nyingine. Mzee mmoja alisema atampa Jembe kwa kuwa lake limekwisha makali. Mama mmoja alisema nyumba anayo, mume ndiye hana, je, mume ana alama gani? Kijana mmoja mwenye akili nyingi alinieleza kwamba Bwana Kasiani ndiye mjamaa wa kweli kwa sababu hana mshahara, na jirani yake, mwenye akili vilevile, akaeleza kwamba Mwalimu ndiye mjamaa wa kweli kwa sababu anao mshahara na bado anapura. Penye wengi pana mengi, na mimi niliyapenda yote. Jioni niliyasoma kwa sauti jikoni mwa watu tuliolala kwao, na walicheka mpaka moshi ukawapalia.

Bahasha ilifika huko juu, na jibu lake likatukuta siku tuliporudi Mwazye. Katibu alitukuta kwenye nyumba ya wageni ya misheni, saa kumi na mbili jioni, tukiwa mezani, ugali na samaki vimeshawekwa. Hakuketi. Akasema kanuni inataka wagombea wote wawili wasikie, akasoma: imeripotiwa kwamba mgombea wa Nyumba anatumikisha watu thelathini bila mshahara, aliyeripoti athibitishe kwa sahihi yake ndani ya siku tatu, akithibitisha, jina la mgombea litaondolewa. Bwana Kasiani aliweka tonge lake kwenye sahani polepole. Hakuuliza nani aliripoti. Alinitazama tu, hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao wa mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Nilimgeukia Mwalimu Desideri nikitegemea angesema. Neno moja tu, "Nilikuwapo," lingemaliza kila kitu. Mwalimu alichambua mwiba wa samaki, akautazama, akala. Nami nikainamia sahani yangu. Nilikuwa karani ambaye hajathibitishwa kazini, na ripoti ya uongo ilikuwa na adhabu yake, na niliijua vizuri kwa sababu niliipiga taipu mwenyewe. Niliona aibu kiasi kwamba hata leo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikiandika hapa masikio yananiwaka.

Alfajiri nilikwenda kunawa nyuma, penye ua wa matete, nikasikia wamo ndani wote wawili, wanamwagiana maji. Bwana Kasiani alikuwa anasema kwa sauti yake ndogo, "Sikulaumu. Ukinyamaza siku mbili tu, ubunge ni wako, na hujamsengenya mtu." Maji yakamwagika. Mwalimu akasema, "Nimelifikiria hilo usiku kucha, sikufichi. Nililipenda." Kisha akasema, "Halafu nikajiuliza, mwakani ulezi wangu nitapura na nani? Nani atashika fimbo upande wa pili?" "Watu wapo." "Hawatakuja, Kasiani. Wewe unajua hawatakuja. Ngoja nivae, namfuata Katibu." Niliposikia hivyo niliruka. Sikunawa, sikuvaa hata viatu, nilivishika mkononi nikakimbia kwenye ule umande wa baridi kuelekea chumba cha Katibu, nikiogopa kitu kimoja tu, kwamba Mwalimu angefika kabla yangu na kosa langu likasahihishwa na mtu mwingine. Nilifika wa kwanza. Nilipiga hodi kwa kiatu.

Katibu alifungua akiwa na fulana, suti yake imekunjwa vizuri juu ya kiti. Nikamwambia yote bila kupumua: zamu, Jumatatu, mjane, kitambaa, togwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kitandani. "Ndugu Atupele," akasema, "baba yangu alikata mkonge kwenye shamba la watu mpaka akafa. Na yeye walimpa kitu Jumamosi, wakakiita zawadi. Nilitengeneza fomu ile kwa ajili yake." Hadi leo naona alikuwa sahihi. Mabepari walikuwapo. Alichokosea ni kudhani wote wangeonekana sawa kwenye karatasi. Akaniuliza, "Sasa huyu nimwandike nini? Mjamaa?" Nikasema hapana, wanaopura kwa zamu walikuwa wanapura hivyo kabla neno hilo halijafika Ufipa, na yeye Kasiani ana ng'ombe kumi na wanne na hataki kabisa kuwagawa. "Mlegevu?" Tukacheka wote wawili, bila kutaka. "Basi andika mwenyewe," akasema, "na ujue unaandika juu yako."

Tulipiga barua kwenye taipu ya shule, herufi moja imekatika mkia. Niliandika kwamba nilikosea mimi, kwamba watu thelathini walikuwa wanapura kwa zamu na mwenye kiwanja alikuwa anapura kwao pia, na kwamba mmoja wa thelathini hao alikuwa mgombea wa Jembe. Nikatia sahihi. Mwalimu Desideri akatia sahihi kama shahidi, na mahali pa cheo, ambapo angeweza kuandika mwalimu mkuu, akaandika mpuraji. Nilitaka kumkumbatia, lakini enzi zile hatukuwa tunakumbatiana.

Majibu yalikuja upesi safari hii. Mgombea wa Nyumba aendelee. Karani aliyeripoti apewe onyo na kuthibitishwa kwake kazini kusogezwe mwaka mmoja. Mgombea wa Jembe aeleze kwa maandishi ni kwa nini alifanya kazi kwa bepari kwa malipo ya pombe. Tulisoma mara tatu kando ya barabara, Landrova imezimwa, na wa kwanza kucheka alikuwa Katibu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti, mpaka akashika mlango wa gari. Neno bepari lilikuwa halijafutwa. Tulilitoa kwa mmoja likaenda kumdandia mwenzake, na hata kwa yule wa kwanza lilibaki vilevile. Mwalimu aliandika maelezo yake kwa ukurasa mmoja, na huko juu hawakumjibu.

Siku ya kura nilisimamia foleni tangu asubuhi, roho juujuu. Jembe lilishinda, si kwa wingi mkubwa. Bwana Kasiani alimpa Mwalimu mkono mbele ya watu, akarudi nyumbani kwake kwa miguu. Nilidhani yamekwisha. Lakini mwezi wa pili, katikati ya mvua, kijiji kilimchagua awe msimamizi wa duka la kijiji, kazi ambayo kila mtu alijua ingemfaa, na jina lake lilipopita ofisini kwetu, faili likafunguliwa, na karatasi ya kwanza ndani yake ilikuwa fomu yangu, alama ya vema na mstari chini yake. Barua ya marekebisho ilikuwa nyuma kabisa. Mkubwa mgeni aliyekuwa amempokea Katibu wetu kiti hakufika huko nyuma. Nilimweleza, akaniambia onyo moja bado halijakauka. Akanipa barua ya kumkatalia Bwana Kasiani niipige taipu, na niliipiga, nakala nne. Niliumia sana. Jioni ile sikula, na Mama Oresta aliponiuliza nilimwambia naumwa tumbo.

Ulezi ulipokauka tena niliomba likizo ya siku mbili, nikapanda lori la magunia hadi Mwazye. Sikuwa na la kumpa Bwana Kasiani ila mikono. Nilimkuta kiwanjani na watu wake, au niseme na wenzake. Mwalimu Desideri, mheshimiwa mbunge, alikuwa safu ya pili na kitambaa puani. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Bwana Kasiani akanipa fimbo. Nilipura siku nzima, vibaya, nikiwachanganya wenzangu zamu na kupigwa mgongoni mara moja na fimbo ya mama mmoja ambaye hakuomba samahani, na siku ya pili nikapura kwa Mwalimu. Nilikunywa togwa kama ng'ombe. Malengelenge yalinitoka viganjani, na nilikuwa na raha niliyokuwa sijaipata tangu kura zihesabiwe. Jioni ya pili, nikiwa nafunga mkoba wangu kulisubiri lori, Bwana Kasiani alikuja akaniuliza ulezi wangu upo wapi.

"Sina, baba. Nitalimia wapi, kwenye ofisi?"

"Umepura kwangu. Umepura kwa Desideri. Una zamu mbili kwetu sasa, na tunataka utudai."

"Sihitaji kitu, baba. Nimekuja kulipa kosa langu."

Akatingisha kichwa. Alinitazama kwa yale macho ya mezani pale misheni, ila sasa hayakuwa na mshangao. "Mwanangu," akasema, "kama umetufanyia kazi na sisi hatutakufanyia, basi tumekutumikisha. Ukikataa zamu yako, kalamu yako itakuwa ilisema kweli."

Lori lilipiga honi. Mvua za kwanza zilipoanguka niliazima jembe kwa Mama Oresta, nikalima nyuma ya chumba changu pale Kizwite, hatua kumi kwa nane, nikapanda ulezi.